PhD ya upandikizaji figo: Muhimbili, Oxford, au miaka igawanywe kati ya Dar na Sweden?

Kila mwaka ikikaribia Oktoba, madaktari vijana wa Dar es Salaam huanza kuulizana swali lilelile. Mtu amemaliza MMed, shahada ya ubingwa, ya upasuaji au ya magonjwa ya ndani, amezunguka wodi ya figo, ameingia theata akaona figo ya ndugu ikiwekwa kwa ndugu. Ameiona ikiwa ya kijivu, imepoa, kisha kibanio cha mshipa kinafunguliwa, inajaa damu, inakuwa ya waridi, na mkojo unaanza kutoka mgonjwa akiwa bado mezani. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutulii tena. Unataka kuelewa kwa nini figo hii itakaa miaka kumi na ile ya jirani yake ikakataliwa. Unataka PhD, na unataka kujua ukaisomee wapi.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kusajiliwa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na kufanya utafiti wote hapa. Ya pili ni kwenda nje moja kwa moja kwa miaka mitatu au minne. Natumia Oxford kama mfano kwa sababu idara yake ya sayansi ya upasuaji, Nuffield, ina kundi lenye historia ndefu katika imunolojia ya upandikizaji. Ya tatu ni kugawa miaka: wagonjwa na data Dar, maabara na msimamizi wa pili nje. Tumezoea kuiita PhD ya sandwichi, na MUHAS imeifanya kwa muda mrefu na vyuo vya Sweden kama Karolinska, Umeå na Uppsala.

Niseme mapema ninakosimama: kwa madaktari wengi wa Dar wanaotaka eneo hili, naipendelea ya tatu. Lakini wapo ambao ningewaambia wapande ndege kesho, na wapo ambao ningewasihi wabaki.

Je, ni PhD unayoitaka kweli?

Wengi wanaosema PhD wanataka mikono bora. Hilo ni hitaji halali, ila mlango wake ni mwingine. Ukitaka kushona mshipa wa figo kwenye mshipa wa nyonga bila kutetereka, nenda ubingwa bobezi, au pitia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji cha mashariki, kati na kusini mwa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1999 chenye makao Arusha, kisha ukae kwenye kituo kinachopandikiza kila siku. Ndivyo tulivyoanza. Upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, Muhimbili, Novemba 2017, timu yetu ilisimama mezani na wapasuaji kutoka hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafanya wa kwake na wataalamu wa Tokushukai kutoka Japani.

PhD haifundishi kushona. Inafundisha kuuliza swali dogo, kulijibu kwa ushahidi, na kusimama mbele ya watu wasiokujua wakijaribu kulibomoa jibu lako. Kama hilo ndilo linalokunyima usingizi, endelea kusoma.

Swali lako linaishi wapi?

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ndipo watu wanapopita haraka wakikimbilia jina la chuo.

Mfikirie mama wa Temeke mwenye watoto watano. Figo zake zimeshindwa, anasafishwa damu kila wiki, na mumewe amejitolea kumpa figo moja. Wote wawili ni grupu O. Majibu ya kipimo cha kulinganisha yanarudi: hapana. Mama anauliza, "Dokta, mbona damu zetu ni moja?" Daktari anavuta kiti. "Mama, grupu halina shida. Kila ulipobeba mimba, mwili wako ulikutana na alama za baba watoto kupitia kwa mtoto, ukatengeneza askari wa kuzikataa. Mtoto alizaliwa salama, lakini askari walibaki. Tukiweka figo ya baba leo, wataivamia hapohapo."

Alama hizo ndizo HLA, ambazo Jean Dausset alishiriki Tuzo ya Nobel ya 1980 kwa kazi ya kuzifichua. Na askari hao ni kingamwili. Mwaka 1969 Patel na Terasaki walionyesha kwamba mpokeaji aliye nazo dhidi ya chembe za mchangiaji wake yuko kwenye hatari kubwa ya kuipoteza figo papo hapo. Mimba ni mlango mmoja wa kuzipata. Mlango mwingine ni kuongezewa damu, na wagonjwa wetu wa kusafishwa damu huongezewa mara kwa mara, kwa kuwa sindano za erithropoyetini za kupandisha damu ni ghali mno kwa familia nyingi. Sasa uliza: miongoni mwa wagonjwa wa figo wa Dar, ni wangapi wamekwisha kubeba kingamwili hizi? Dhidi ya alama zipi? Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani, na alama zinazojulikana zaidi kwenye vipimo zilisomwa kwanza kwa watu wa asili ya Ulaya. Hilo ni swali la PhD kamili, na wagonjwa wake wako Upanga. Ukiwa Oxford utalisoma kwa mbali tu.

Swali la pili ni la takrolimasi, dawa ya kushusha kinga iliyopatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana kimeng'enya cha CYP3A5 kinachofanya kazi, kwa hiyo huivunja haraka, na miongozo ya kimataifa inashauri mtu wa namna hiyo aanze na dozi mara 1.5 hadi 2 ya kawaida. Mpe huyohuyo rifampisini ya kifua kikuu, dawa inaporomoka. Mpe ritonavir ya VVU, inapanda mpaka inamdhuru. Efavirenz, nayo ya VVU, huishusha; dolutegravir, ya VVU pia, haiisumbui sana. Katika kliniki moja ya Dar unaweza kukutana na hawa wote kabla ya saa sita mchana.

Na kipimo chenyewe kina mtego wake. Damu ya kupima takrolimasi inatakiwa itolewe kabla ya dozi ya asubuhi, wakati dawa iko chini kabisa. Lakini mgonjwa wa Mbagala ameamka saa kumi na moja alfajiri, amemeza dawa saa kumi na mbili kama alivyoagizwa, akapanda gari, akafika kliniki saa tatu, akatolewa damu saa nne. Namba inayotoka maabara ni ya juu. Daktari asiyeuliza "umemeza saa ngapi?" anapunguza dozi ya mtu ambaye pengine alistahili kuongezewa, na miezi miwili baadaye kriatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inachoka, inapanda. Ni jambo dogo, lakini figo hupotea kwa mambo madogo hayo. Mtafiti atakayelisoma kwa nidhamu, akaoanisha dozi, jeni na saa halisi ya kumeza, atabadilisha namna tunavyotoa dawa. Utafiti huo unaweza kufanywa MUHAS mwanzo hadi mwisho.

Swali la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake Billingham na Brent walionyesha kwamba panya aliyedungwa chembe za ukoo mwingine akiwa bado tumboni, akikua hupokea ngozi ya ukoo huo bila kuikataa. Huo ndio ustahimilivu, na tangu Medawar apate Nobel ya 1960 ndoto ya fani hii imekuwa mgonjwa akae na figo ya mwenzake bila dawa za maisha. Kwa panya tumefaulu mara nyingi. Kwa binadamu imetushinda karibu kila mara. Sababu mojawapo ilionekana wazi mwaka 2003: panya waliokwisha kupitia maambukizi ya virusi kadhaa walikataa ngozi iliyopandikizwa, ingawa walipewa tiba ileile iliyowafaa panya waliolelewa kwenye vizimba visafi. Kumbukumbu ya kinga iliyojengwa na virusi inageuka na kuishambulia tishu ngeni.

Sasa angalia mtu mzima wa Dar. Ameugua malaria utotoni, virusi vya CMV anavyo karibu hakika, huenda kifua kikuu kimelala kifuani. Kumbukumbu yake ya kinga ni nene. Chembe zake za T, chembe nyeupe za damu zinazoongoza mashambulizi ya kinga, zinaitikiaje figo ya dada yake? Ukilisoma swali hilo kwa Waingereza peke yao utabaki na nusu ya jibu. Ukilisoma Dar bila mashine nzuri na mtu aliyebobea katika chembe za T, hutafika. Linadai miji miwili.

La nne ni la kinyume. Oxford, mpasuaji Peter Friend na mhandisi Constantin Coussios walitengeneza mashine inayolihifadhi ini likiwa na joto la mwili na damu ikizunguka ndani yake, badala ya kulilaza kwenye barafu. Jaribio lililochapishwa 2018, la maini 220 yaliyopandikizwa, lilionyesha ini lililohifadhiwa hivyo linaumia nusu ya lile la barafu, na maini yaliyotupwa yalipungua kwa nusu. Ni kazi ya kupendeza sana. Lakini faida yake kubwa iko kwenye viungo vya marehemu, vinavyosafirishwa usiku kutoka mji mmoja hadi mwingine. Upandikizaji wetu unategemea ndugu aliye hai, na figo inatoka theata ya jirani. Ukitumia miaka minne kwenye mashine hiyo, uwe na jibu la utakachofanya nayo ukirudi.

Maabara

Tofauti ya Dar na Oxford haiko kwenye akili za watu. Iko kwenye saa zinazopita kati ya mkono wa mgonjwa na friza.

Ukitaka kusoma chembe T zilizo hai, damu inatoka wodini na lazima ishughulikiwe mapema siku hiyohiyo. Unaimwaga polepole juu ya kimiminika cha Ficoll, mrija ukiwa umeinamishwa ili tabaka mbili zisichanganyike, kisha unaizungusha kwenye sentrifuji bila breki. Ukitoa mrija, juu kuna plazma ya njano, chini chembe nyekundu, na katikati utepe mwembamba mweupe. Utepe huo ndio utafiti wako. Unaunyonya kwa pipeti, unauosha, unahesabu chembe, unazigandisha taratibu hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha kwenye naitrojeni ya kimiminika. Umeme ukikatika Ijumaa usiku na jenereta isiwake, miezi sita ya kazi inayeyuka.

Oxford mambo hayo yana watu wake. Saitometa, mashine ya kuhesabu na kutambua chembe moja moja, iko ghorofa ya chini na ina fundi anayelipwa kuihudumia. Kingamwili za kupaka rangi chembe ukiziagiza leo zinafika wiki hii. Unajifunza haraka kwa sababu unarudia jaribio mara nyingi. Dar, kitendanishi hichohicho huagizwa nje, husubiri uwanja wa ndege, na kila siku inayokaa kwenye joto ni hatari. Jaribio unalolirudia huko mara nne kwa mwezi, hapa unaweza kulifanya mara moja.

Hata hivyo watu husahau kitu kimoja. Bagamoyo, mwendo wa saa moja na kitu kutoka Dar kukiwa hakuna foleni Tegeta, Taasisi ya Afya Ifakara ina maabara iliyofanya kazi za chanjo za malaria kwa miaka mingi, ikiwemo RTS,S na ile ya vimelea vizima vya PfSPZ. Wanaochunguza kinga ya chanjo wanatenga chembe kwa Ficoll ileile, wanazigandisha vilevile, wanazisoma kwa saitometa. Imunolojia ya malaria na ya figo zinatumia vyombo vilevile. Kinachobadilika ni unachowapa chembe T wakitazame. Anayetaka kuanza nyumbani aende akabishe hodi huko kabla ya kusema nchini hakuna maabara.

Vibali navyo viingie kwenye hesabu. Utafiti wa Dar unapita kamati ya maadili ya MUHAS, na kulingana na aina yake unafika NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukitaka kutoa sampuli nje unahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli. Ukijaribu dawa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanahusika. Kwa njia ya sandwichi, anza kuandika hati hizi kabla hujajua hata tarehe ya safari, maana sampuli iliyokwama ni mwaka uliokwama. Oxford unaingia kwenye kundi ambalo mara nyingi kibali cha mradi kipo tayari. Ukigusa panya, sheria ya Uingereza ya 1986 inakudai upate leseni binafsi, na mafunzo yake wanakupa.

Mikono yako, na simu ya wodi

Kwa mpasuaji hili linauma. Uingereza, usipokuwa umesajiliwa na GMC, baraza lao la madaktari, humgusi mgonjwa. Utakaa miaka mitatu au minne ukipasua panya, ukitazama mizunguko ya wodi kwa nyuma, huku wenzako wa darasa Muhimbili wanakuwa mabingwa wa kutegemewa. Wapo wanaorudi na hofu ya kisu, na hofu hiyo ni ya kweli. Pia leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika inataka pointi za mafunzo endelevu; usiiache ikafa ukiwa mbali.

Ukibaki Dar tatizo linageuka. Mikono inabaki hai, ila utafiti unakufa polepole. Saa mbili asubuhi umekaa kuandika sura ya pili, simu inaita: kuna dharura, mpasuaji wa zamu anaumwa, njoo. Utaenda, kwa sababu wewe ni daktari na mgonjwa ni wa kweli kuliko sura ya pili. Kesho yake vilevile. Baada ya miaka mitano una sura mbili, na msimamizi wako amestaafu. Naheshimu sana waliomaliza PhD nyumbani huku wakibeba wodi, na kwa ajili yao nasema bila kuzunguka: adui mkubwa wa PhD ya nyumbani ni zamu. Usijisajili kabla mwajiri hajakubali kwa maandishi siku zako za utafiti. Ahadi ya mdomo ukumbini haitoshi.

Sandwichi inakupa dawa ya tatizo hilo. Ukiwa Stockholm miezi minne, simu ya wodi haikupati. Madaktari wengi huandika makala zao zote huko, kwenye giza la Novemba, na wakirudi Dar wanakusanya data na kuingia theata.

Msimamizi na mtihani wa mwisho

MUHAS ina wasimamizi wanaoujua ugonjwa, wagonjwa na mfumo. Wanaojua imunolojia ya upandikizaji kwa undani ni wachache, kwa kuwa upandikizaji wenyewe nchini ni wa tangu 2017. Ukisoma nyumbani pekee, huenda ukawa unamfundisha msimamizi wako baadhi ya mambo. Inawezekana, ila unakosa mtu wa kukukatalia mapema pale jaribio linapokuwa limekaa vibaya.

Oxford utamkuta mtu huyo na wenzake kumi. Mfumo wao unakukagua: unaanza kama mwanafunzi wa majaribio, unapita kuhamishiwa hadhi, kisha kuthibitishwa, na mwisho unakaa chumbani na watahini wawili. Kundi lililoongozwa kwa miaka mingi na Kathryn Wood limefanya kazi kubwa juu ya chembe T dhibiti, zile zinazozuia nyingine zisishambulie. Lilishiriki kwenye ONE Study, iliyochapishwa 2020, ambayo iliwapa chembe za namna hiyo watu waliopandikizwa figo za wachangiaji walio hai. Hiyo inagusa hali yetu moja kwa moja, japo chumba safi cha kukuzia chembe hizo ni gharama ambayo hospitali zetu hazitaibeba kesho.

Sweden hakuna siri. Tasnifu yako ni makala kadhaa zilizoungwa na utangulizi, nusu ya safari kuna ukaguzi, na siku ya mwisho unasimama hadharani. Mpinzani aliyealikwa kutoka chuo kingine anauliza kwa saa nzima au zaidi mbele ya kamati, wenzako na yeyote aliyependa kuja. Wanafunzi wetu wa sandwichi wamekuwa wakisimama hivyo kwa miaka mingi. Ukipita hapo, mkutano wowote wa kimataifa utauona wa kawaida.

Pesa

Oxford ada ya mwanafunzi wa kigeni katika eneo hili inapita pauni 25,000 kwa mwaka, kabla hujala wala kulala. Viza inakudai ulipe ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka, na inalipwa mapema kwa miaka yote pamoja. Bila ufadhili usijaribu. Milango mikubwa ni Clarendon, mfuko wa Oxford wenyewe, na Commonwealth, ambayo ina nafasi za PhD kwa nchi kama yetu. Habari njema kwa wenye familia: tangu Januari 2024 Uingereza imewazuia wanafunzi wengi kuleta mke au mume na watoto, lakini wa shahada za utafiti kama PhD bado wanaruhusiwa.

Sweden haitozi ada ya PhD kwa mtu wa taifa lolote. Gharama ni maisha na nauli, na mradi ulio nyuma yako ndio unaozibeba. Hapo ndipo udhaifu wa sandwichi ulipo: mradi ukiisha katikati, unabaki na mkate upande mmoja. Muulize msimamizi, bila aibu, fedha zinaishia mwaka gani. Kuna pia nafasi ya Commonwealth ya kugawa masomo: unabaki umesajiliwa chuo cha nyumbani na unakaa Uingereza hadi miezi 12. Naiona kama sandwichi ya Kiingereza, na waombaji wa kwetu wangeitumia zaidi.

Nyumbani ada ni nafuu na mshahara unaendelea. Lakini vitendanishi havijali unaishi wapi. Bei yake ni ileile au zaidi ukiongeza usafirishaji. PhD ya maabara bila fedha za maabara, hata iwe Upanga, haiendi.

Usiisahau Cape Town

Kwa ufupi tu, kwa sababu inastahili. Cape Town ndiko Christiaan Barnard alikopandikiza moyo wa kwanza wa binadamu, 3 Desemba 1967. Huko pia Elmi Muller alianza mwaka 2008 kupandikiza figo za wachangiaji wenye VVU kwa wagonjwa wenye VVU, akachapisha mwaka 2015 matokeo ya wagonjwa 27, ambao asilimia 74 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kama swali lako ni VVU na figo, hakuna mahali duniani pa kukufundisha vizuri zaidi, na matatizo ya huko yanafanana na ya kwetu. Itifaki ya elimu ya SADC ya 1997 inazitaka nchi wanachama ziwatendee wanafunzi wa ukanda kama wenyeji kwenye ada. Hospitali za huko zina wagonjwa wengi na maabara nzuri kwa pamoja, na hilo Ulaya hupati.

Nani aende wapi

Kama swali lako ni la dozi, la kliniki, la wachangiaji wanaishije miaka mitano baada ya kutoa figo, au la Watanzania waliopandikizwa India na sasa wanafuatiliwa hapa, soma MUHAS. Kundi hilo la waliorudi kutoka India ni hazina, na hakuna mwenye haki nalo kuliko mtafiti wa Dar. Tafuta msimamizi mwenza wa nje kwa takwimu au famakolojia, basi.

Kama unataka kujenga tiba mpya ya chembe, au moyo wako umekwama kwenye panya na ustahimilivu, na hujaoa wala kuolewa au mwenzako yuko tayari, na una miaka chini ya 35, nenda Oxford au mahali pa aina hiyo. Nenda bila kuona haya. Nchi inahitaji pia watu waliozama mpaka chini. Ila kabla ya kuondoka keti na mkuu wa idara yako mkubaliane utarudi kwenye nafasi gani na kwenye benchi gani la maabara.

Kama swali lako ni la mama wa Temeke, au la kinga iliyozoea malaria inavyoipokea figo ngeni, gawa miaka. Unahitaji damu ya Dar na macho ya mtu aliyesoma chembe T maisha yake yote, na hakuna njia nyingine ya kuvipata vyote viwili. Idadi ya wanaopandikizwa kwetu bado ni ndogo, kwa hiyo usipange utafiti unaohitaji wagonjwa mia tano. Panga wachache uwafuate kwa karibu, kabla ya upasuaji, wiki ya kwanza, mwezi wa tatu, mwaka. Kundi dogo lililofuatiliwa vizuri lina thamani kuliko rejista kubwa yenye mapengo.

Maombi ya Oxford kwa wanaotaka kuanza Oktoba hufungwa Desemba au Januari, na barua za walimu wanaokupendekeza huchukua muda kuliko unavyodhani. Kwa msimamizi wa nje, iwe Sweden, Uingereza au Cape Town, barua pepe ya kwanza iwe fupi: wewe ni nani, swali lako kwa sentensi mbili, ni wagonjwa wangapi wa namna hiyo wanaopita kliniki yenu kwa mwaka, na nani wa hapa atakayekusimamia. Sentensi ya wagonjwa ndiyo atakayoisoma mara mbili. Kwa hiyo kabla hujaandika, nenda kliniki ya figo, omba ruhusa, kaa na daftari la mahudhurio uhesabu.